Fundo la Uzi Mgumu

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na kazi mbili. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani, vitambaa na pasi. Upande wa mlango palikuwa na ndoana, mabunda ya mishipi na chubwi, vyuma vya kuizamishia. Mgeni akiingia ilimpasa aangalie anapokaa. Siku moja mteja alikuja kupimwa gauni, akaondoka na ndoana imenasa kwenye sketi yake. Alirudi amefura kwa hasira. Alipowaona wenye nyumba wanavyohangaika kutafuta maneno ya kujitetea, akacheka. Mpaka leo ni mteja.

Mwenye cherehani aliitwa Fundi na mtaa mzima, hata na mama mkwe wake aliyeishi naye. Mumewe aliitwa Mvuvi. Alikuwa na mashua ndogo ya injini. Alivua kwa mshipi wa mkono, karibu na miamba.

Kila jioni Fundi alifunga ndoana za kesho. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu walipooana. Mvuvi alikuwa na vidole vinene na subira haba.

"Mikono yako ndiyo inayotulisha," alizoea kumwambia mkewe.

Fundi alijifanya hasikii, lakini alisikia vizuri sana. Nani asiyependa kusifiwa mikono yake?

Alikuwa na namna yake ya kufunga. Alizungusha uzi mara nyingi, akaupitisha kwenye kitanzi, kisha akauvuta kwa mkupuo mmoja: paa! Halafu aliwasha kiberiti cha gesi na kuichoma ncha iliyobaki mpaka ikawa kidonge kidogo cheusi. Hivyo ndivyo alivyofanya kwenye nguo. Uzi wa nailoni ukichomwa ncha haufumuki. Mshonaji yeyote anajua hilo.

Kwa miaka mingi mafundo yake hayakumwangusha mtu. Kisha Mvuvi akabadilisha uzi.

Hakuwa na kosa kubadilisha. Maji ya kule kwenye miamba yalikuwa maangavu, na samaki wakubwa walikuwa wameshaujua mshipi wa nailoni. Waliuona, wakauzunguka, wakaenda zao. Wenzake walikuwa wameanza kutumia uzi mwingine kwa kile kipande cha mwisho, karibu na ndoana. Uzi huo unaitwa fluorokaboni. Majini hauonekani sana. Unazama upesi. Ukisuguana na mawe, unavumilia kuliko nailoni.

Mvuvi alikwenda kununua. Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa na wauzaji wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo aliyepewa jina la Taratibu, kwa sababu hakuuza kitu kabla ya kukieleza. Foleni yake ilikuwa ndefu siku zote. Mvuvi alimwona kwa mbali, akapinda kwa muuzaji wa pili. Akalipa, akapewa uzi wake, akatoka mbio. Hakuuliza neno hata moja.

Uzi ulifanya kazi yake. Samaki wakaanza kuuma. Tabu ni kwamba waliuma, wakaondoka.

"Leo vipi?" Fundi alimuuliza mumewe jioni moja alipoingia na kikapu chepesi.

"Wameuma."

"Wako wapi?"

"Wameuma, wakaenda. Na ndoana wamekwenda nazo."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Basi samaki wa huko siku hizi wanavaa hereni," alisema.

Fundi alicheka. Mvuvi hakucheka. Alikaa, akavua viatu, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Kuna meli kubwa ya uvuvi," alisema. "Wanatafuta watu. Wakala wao alikuja pale tunapofunga mashua."

"Meli ya kwenda wapi?"

"Mbali. Ukipanda, unakaa huko miezi na miezi. Anataka jibu Ijumaa."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Bado sijamjibu. Lakini nikiendelea hivi, nitakwenda. Nifanye nini? Kila siku nawalisha samaki chambo na ndoana, halafu narudi mikono mitupu." Akatoa bunda la turubai chini ya mkono wake. "Nishonee mkoba. Mkubwa kidogo. Ikitokea ya kutokea, uwe tayari."

Fundi alilipokea turubai. Lilikuwa zuri, zito, la kudumu. Kwa kazi nyingine angelifurahia. Alilikunja na kuliweka chini kabisa ya vitambaa, mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Hakutaka mumewe aende. Hakutaka kula chakula cha jioni akiangalia kiti kitupu miezi na miezi. Lakini hakujua la kusema, maana hakujua samaki wanatorokea wapi.

Alikuja kujua kwa bahati mbaya, akirekebisha suruali.

Ilikuwa suruali ya kazi ya mumewe, yenye mfuko mmoja tu, imechanika goti. Kabla ya kuiweka kwenye cherehani alitia mkono mfukoni, kama afanyavyo kwa kila suruali. Mifuko ya wanaume ina mambo. Alitoa ufunguo wa injini na kipande cha sabuni. Kisha akatoa vitu vidogo vidogo, vigumu, vinavyochoma kiganja.

Yalikuwa mafundo ya mshipi, yamekatwa kwa kisu. Kila moja lilikuwa na kidonge cheusi kwenye ncha.

Fundi aliyajua. Mshonaji huujua mshono wake hata akiuona kwenye mgongo wa mtu barabarani. Yale yalikuwa mafundo yake. Hayakuvutwa na samaki, wala hayakuwahi kuingia majini. Mumewe alikuwa akifika mashuani, anayakata yote, anafunga upya kwa vidole vyake vile vinene. Kisha anarudi nyumbani na kumtazama usoni.

Aliona aibu kwanza. Hasira ikafuata. Alikaa na mafundo yale kiganjani mpaka pasi ikapoa.

Kisha aliyarudisha mfukoni. Akaishona suruali goti. Akaushona na mfuko. Aliufunga mdomo wake wote kwa mshono wa kurudia, ule wa magunia.

Jioni Mvuvi alivaa suruali yake. Alitaka kuweka ufunguo wa injini mfukoni. Mkono haukuingia. Alijaribu tena. Akajiinamia, akazunguka mahali pale pale.

"Huu mfuko una nini?" aliuliza.

"Umejaa," Fundi alijibu bila kugeuka.

"Umejaa nini?"

"Mafundo yangu."

Mama mkwe aliacha kuchambua maharage. Hakutaka kupitwa.

"Sikiliza, mke wangu," Mvuvi alisema.

"Nasikiliza. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kazi hii umeifanya tangu tulipooana. Nilisema moyoni, nikimwambia kwamba mafundo yake yanaachia, nitamvunja moyo. Nikaona bora nifunge mwenyewe kimyakimya."

"Ukaona bora unidanganye."

"Nikaona bora nisikuudhi."

"Umeniudhi mara mbili, basi." "Na hayo uliyofunga wewe, yameshika?"

Mvuvi alikuna kichwa. "Hayakushika. Yanaachia vilevile."

"Kumbe!" mama mkwe alisema. "Afadhali hapo mmelingana."

Hapo hata Fundi hakuweza kujizuia. Alicheka, machozi yakimlenga. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni.

"Ukipanda meli kwa sababu riziki imekwisha, nitavumilia. Lakini ukipanda kwa sababu ya fundo, nitajilaumu mpaka nizeeke. Kuna kitu hatukijui, mimi na wewe. Tukitafute kabla ya Ijumaa."

Hawakulazimika kukitafuta mbali. Kesho yake kiligonga mlango chenyewe, kimeshika sketi.

"Hodi!"

"Karibu," Fundi aliitikia.

Alikuwa Taratibu, yule muuzaji wa duka la vifaa vya uvuvi. Sketi yake ya kazi ilikuwa imeharibika zipu. Alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Alikagua kiti kwanza, ndipo akakaa. Alionekana kuwa mtu aliyewahi kukalia ndoana.

Mvuvi alikuwa kwenye kona, anafunga mishipi. Alipomwona mgeni, aliinama zaidi.

"Shemeji, usijifiche," Taratibu alisema. "Nakuona kila siku dukani unavyopinda ukiona foleni yangu."

"Sijifichi, dada. Nilikuwa na haraka."

"Uzi wa fluorokaboni uliununua kwa haraka hiyo hiyo?"

Fundi na Mvuvi walitazamana.

"Umejuaje?" Fundi aliuliza.

"Nauona hapo mkononi mwake. Na nauona unavyomsumbua."

Basi wakamweleza yote. Walimweleza habari za samaki wanaoondoka na ndoana, na za meli. Mfuko walitaka kuuficha, lakini mama mkwe aliutoa hadharani. Taratibu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Mvuvi:

"Mshipi ukirudi bila ndoana, ncha yake inakuwaje?"

Mvuvi alifikiri. "Imejikunjakunja. Kama ganda la penseli iliyochongwa."

"Haijachanika? Haina mikwaruzo?"

"Hapana. Imejikunja tu."

"Basi haikukatwa na jino wala jiwe. Jino na jiwe huacha alama, uzi unachanika au unaparuzika. Ukiona umejikunja hivyo, fundo ndilo lililoteleza na kufunguka." Akamgeukia Fundi. "Hebu funga moja kama kawaida yako. Nataka kuona tu."

Fundi alichukua uzi na ndoana. Alizungusha mara nyingi, upesi upesi, mikono ikijua njia. Akapitisha ncha. Akavuta: paa! Kisha akanyoosha mkono kuchukua kiberiti cha gesi.

"Ngoja," Taratibu alisema. "Hicho cha nini?"

"Cha kuchoma ncha. Isifumuke."

Taratibu alibana midomo asicheke. Hakuweza.

"Nisamehe, dada. Nimeona watu wakivuta fundo kwa meno. Nimeona mmoja anapaka gundi. Lakini kupika uzi, hii ya leo ni mpya kwangu."

Fundi hakucheka. "Kwenye nguo hushika."

"Kwenye nguo hakuna mnyama anayevuta kwa nguvu zake zote aokoe maisha yake. Uzi huu adui yake ni joto. Ukichoma ncha, moto unafika kwenye fundo. Kwa nje huoni kitu. Ndani uzi umeshadhoofika. Samaki ndiye atakayekuonyesha."

"Mimi sichomi," Mvuvi alisema, "na yangu yanaachia."

"Wewe unavuta paa, kama yeye?"

"Ndiyo."

"Mkavu?"

"Mkavu ndiyo. Kwani unavutwaje?"

"Sugua viganja vyako. Upesi upesi."

Mvuvi alisugua.

"Unasikia nini?"

"Joto."

"Ndilo hilo. Uzi mkavu ukivutwa kwa haraka unajisugua wenyewe, unapata moto ndani ya fundo. Na tena nyinyi wote mnauzungusha mara nyingi mno. Nailoni ni laini. Inajibana, inakusamehe. Huu ni mgumu na unateleza. Mizunguko ikiwa mingi haikai kwa mpangilio. Mmoja unapanda juu ya mwenzake. Samaki akivuta, ule wa juu unaukata wa chini, au fundo zima linateleza."

Fundi alilitazama fundo lake. Lilikuwa zuri. Lilikuwa dogo, limebana, la kupendeza macho.

"Siamini," alisema. "Samahani, lakini siamini. Hili halifunguki."

"Vizuri. Mtu asiamini maneno. Mna ndoo?"

Walileta ndoo kubwa ya maji. Mvuvi alifunga kipande kile cha mshipi kwenye chuma cha dirisha, akakizungusha mara kadhaa ili upande huo usiteleze. Fundo la Fundi lilibaki upande wa ndoana, na ndoana ikashika mpini wa ndoo. Taratibu alihakikisha ndoo imeinuka kidogo tu kutoka sakafuni.

"Simameni kando," alisema. "Uzi ukiachia, ndoana inaruka, na ndoana haichagui jicho. Shemeji, mimina maji kwa jagi. Kaa upande huu, uso wako uwe mbali."

Mvuvi akamimina. Uzi ukanyooka. Akamimina tena. Fundi alikuwa ameshika kiuno, macho kwenye fundo lake. Maji yalivuka nusu ya ndoo. Alianza kutabasamu.

Tap!

Ndoo ilianguka. Maji yakatapakaa mpaka chini ya cherehani. Mama mkwe akainua miguu yote miwili juu.

"Jamani! Si mngeniambia nije na mashua!"

Taratibu aliokota uzi. Ncha yake ilikuwa imejikunja kama ganda la penseli. Alimpa Fundi aishike mwenyewe.

Fundi aliipapasa kwa vidole. Ilimuuma, siwezi kusema haikumuuma. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akiona kosa kwa macho yake anatulia. Alichukua kitambaa, akapangusa sakafu, akavuta kiti.

"Nifundishe," alisema.

Taratibu alianza na fundo linaloitwa palomari. Alisema ndilo rahisi kwa mtu anayeanza, na linaupenda uzi mgumu kwa sababu mizunguko yake ni michache.

"Kunja uzi uwe mara mbili, urefu wa shibiri. Pitisha mkunjo huo kwenye tundu la ndoana. Sasa funga fundo la kawaida kabisa, lile la kwanza unalofunga kamba za viatu, lakini kwa nyuzi zote mbili pamoja. Usikaze. Liache legevu, ndoana ining'inie katikati. Umeona? Umebaki na kitanzi mwishoni. Kipanue. Ivushe ndoana yote ndani ya kitanzi hicho."

Fundi alivusha.

"Sasa simama hapo hapo. Usivute. Lowesha kwanza."

"Kwa kitu gani?"

"Hata mate yanafaa. Maji ni bora zaidi, maana hutaki ndoana karibu na mdomo."

Fundi aliinua kichwa. "Mate! Mimi kila nikitunga sindano nalowesha uzi kwa mate!"

"Basi nusu ya somo ulikuwa nayo siku zote."

Fundi alichovya fundo kwenye kikombe cha maji. Akashika uzi mkuu na ncha pamoja, akaanza kuvuta. Mkono ulitaka kufanya paa, kwa mazoea. Aliuzuia.

"Polepole," Taratibu alisema. "Kama unavyovuta uzi kwenye hariri. Ukiona linakaa juu ya tundu la ndoana, kaza kwa nguvu ya kutosha, bila kushtua. Haya. Nilione."

Alilisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kata."

"Nikate ncha?"

"Kata fundo lote. Nyuzi zimepandana hapa, ona. Zinatakiwa zilale sambamba."

"Lakini limekaa vizuri!"

"Mkwe wangu," mama mkwe aliingilia, "wewe wanafunzi wako wa cherehani unawaambiaje mshono ukipinda?"

Fundi aliguna. "Nawaambia wafumue."

"Eeh."

Alikata. Akafunga la pili, akalikata mwenyewe kabla ya kuambiwa. La tatu Taratibu aliligeuza huku na huku, akakosa kasoro.

"Ncha ikate kwa mkasi," alisema. "Acha kiasi cha punje ya mchele. Ukikata karibu mno, fundo likijikaza kidogo ncha inazama ndani. Na kiberiti kirudi jikoni."

Ndoo ikatundikwa upya. Safari hii mama mkwe aliinua miguu mapema. Mvuvi alimimina jagi baada ya jagi. Maji yalivuka nusu. Yalipanda mpaka ukingoni, yakaanza kumwagika yenyewe. Fundo lilikaa pale pale. Mvuvi aliisukuma ndoo kwa mguu, ikabembea. Fundo halikujali.

"Ee bwana wee," alisema kwa sauti ndogo.

Lakini kwenye ndoana ndogo mambo yaligoma. Uzi ule mnene ukikunjwa mara mbili haukuingia kwenye tundu. Fundi alijaribu kuulazimisha, ukaparuzika.

"Usilazimishe," Taratibu alisema. "Fundo moja halifai kwa kila kazi. Kwani nguo zote unazishona kwa sindano moja? Hapa tumia fundo la yuni. Pitisha uzi mmoja tu. Ulaze sambamba na uzi mkuu. Rudisha ncha nyuma ifanye kitanzi. Sasa ncha hiyo izungushe ndani ya kitanzi, ikizunguka nyuzi zote mbili. Uzi mnene kama huu, mizunguko minne inatosha. Mwembamba, mitano au sita. Lowesha. Vuta ncha mpaka mizunguko ikusanyike. Kisha vuta uzi mkuu, fundo literemke lenyewe mpaka kwenye ndoana."

"Na pale nailoni inapokutana na uzi huu?" Mvuvi aliuliza. Hakuwa tena na haraka. Alikuwa ameketi sakafuni, magoti yamelowa. "Pale pia pamewahi kuniachia."

"Fundo hilo hilo, mara mbili. Nailoni inafunga yuni kwenye fluorokaboni. Fluorokaboni inafunga yuni kwenye nailoni. Unalowesha, unavuta polepole pande zote, mafundo yanasogea mpaka yanabusiana."

"Mwanangu, maneno hayo mbele ya mama mkwe?" mama mkwe alisema, na wote wakacheka.

Kabla ya kuondoka Taratibu aliwapa jingine. "Kila fundo lijaribiwe kabla ya kwenda majini. Ndoana ishikwe na kitu, mkono ufungwe kitambaa, uvute kwa nguvu inayopanda kidogo kidogo. Likiachia, liachie hapa. Na ukishatoa samaki mkubwa, papasa uzi kwa vidole. Ukihisi umeparuzika, kata kipande hicho, funga upya. Vipande usivitupe majini. Ndege na kasa wananaswa navyo. Viweke kwenye kopo."

"Na zipu yako?" Fundi aliuliza.

"Nitaifuata. Usiishone paa."

Alhamisi jioni Fundi alifunga ndoana zote upya. Zile kubwa kwa palomari, ndogo kwa yuni. Mvuvi aliketi karibu naye na kikombe cha maji, akimchovyea. Yeye mwenyewe alifunga mafundo mawili, kwa vidole vile vile vinene. Moja Fundi alilikata. La pili alilipitisha.

"Hizi zote nitakwenda nazo kama zilivyo," Mvuvi alisema. "Sikati hata moja."

Turubai lilikuwa bado chini ya vitambaa, halijakatwa.

Ijumaa ilipita polepole kuliko siku zote. Fundi alishona pindo la pazia, likapinda. Alifumua, akashona, likapinda tena. Wakati wa mashua kurudi ulifika. Ukapita. Mama mkwe alihamishia kiti chake mlangoni.

"Amechelewa," Fundi alisema.

"Naona."

"Labda amekwenda kwa wakala."

"Labda."

Walisikia hatua zake kabla ya kumwona. Zilikuwa hatua za mtu aliyebeba kitu kizito. Mvuvi aliingia akiwa ameinamia upande mmoja, akatua kikapu sakafuni. Mkia mpana wa kolekole ulitokeza nje, na chini yake kulikuwa na mingine. Lakini hakuonyesha samaki kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akaweka ndoana mbele ya mkewe, pamoja na kipande chake cha uzi.

"Lako hilo," alisema. "Yule mkubwa amenizungusha mpaka mashua ikageuka. Nilisema leo tena, anakwenda. Hakwenda. Papasa hapo juu."

Fundi alipapasa. Uzi ulikuwa umeparuzika kwa mawe.

"Nilipomtoa nikaupapasa, nikakata, nikafunga upya. Nilichovya baharini, nikavuta polepole. Nilikuona kabisa umesimama pembeni unasema kata. Na langu nalo limeshika."

Fundi alilitazama fundo lake. Lilikuwa limekaa juu ya tundu la ndoana vile vile alivyoliacha, nyuzi zimelala sambamba.

"Mbona umechelewa?" aliuliza.

"Nilipita kwa wakala."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia atafute mwingine. Mimi nina fundi wangu nyumbani."

Fundi alijifuta macho kwa pazia la mteja. Ilibidi alifue baadaye, lakini hilo ni jambo dogo.

"Nilikuwa nimeogopa sana," alisema.

"Najua. Mimi pia. Lile turubai nishonee mkoba wa mishipi, uwe na vifuko vifuko. Mashuani jua linaupiga uzi mchana kutwa." Akajipapasa ubavuni. "Na jambo jingine. Nifungulie huu mfuko. Tangu juzi sina pa kuweka ufunguo wa injini. Leo kutwa nzima nimeuweka kwenye kofia."

"Simama hapa kwenye mwanga."

Mvuvi alisimama. Fundi alichukua wembe wake mdogo wa kufumulia, akaanza kukata mshono ule wa magunia.

"Taratibu, mkwe wangu," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Usije ukanichania mtoto."

Mshono wa mwisho ulipoachia, Fundi aliyatoa mafundo ya zamani yenye vidonge vyeusi. Akayahesabu kwa macho, akayadondosha kwenye kopo. Kisha akatia mkono tena mfukoni, mpaka chini kabisa, akapekua kila pembe.

"Bado unatafuta nini?" mumewe aliuliza.

"Mafundo ya leo," Fundi alimtania.

"Umeyapata?"

"Hamna kitu," Fundi alisema, akamwekea humo ufunguo wa injini.